Maswali ya Wasomaji: Mabingwa Waliofutwa

Mwezi huu barua nyingi za mpira wa kikapu zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinaulizia timu ambazo hazipo tena. Nyingine tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa mistari michache.

Jezi ya mtumba kutoka Memorial

*Shikamooni wahariri. Nimenunua jezi ya mtumba pale Memorial, imeandikwa Greenville Groove. Nilidhani ni ya timu ya shule. Rafiki yangu anasema ilikuwa timu ya kulipwa, ikachukua ubingwa, halafu ikafa. Timu inakufaje ikiwa bingwa?*
*Msomaji wa Pasua, Moshi*

Marahaba. Rafiki yako hajakosea. Greenville Groove ilikuwa timu ya kulipwa ya mji wa Greenville, jimbo la South Carolina, Marekani. Iliishi misimu miwili tu, 2001–02 na 2002–03. Msimu wa kwanza iliifunga North Charleston Lowgators kwenye fainali ikawa bingwa wa ligi nzima. Msimu wa pili ulipokwisha, ikavunjwa.

Kuelewa ilivyokufa, tazama kwanza ilivyozaliwa. Mwaka 2001 NBA ilianzisha ligi yake ya chini, National Basketball Development League, kwa ajili ya kukuza wachezaji. Timu zilikuwa nane: Asheville Altitude, Columbus Riverdragons, Fayetteville Patriots, Greenville Groove, Huntsville Flight, Mobile Revelers, North Charleston Lowgators na Roanoke Dazzle. Zote ziliwekwa kusini-mashariki mwa Marekani ili zisafiri kwa basi, maana ligi ndogo haimudu tiketi za ndege kila wiki. Asheville na Greenville zimeachana kama kilomita 100, zaidi kidogo ya Arusha na Moshi. Hata hivyo kutoka Roanoke hadi Mobile ni zaidi ya kilomita 1,000, sawa na kupanda gari Arusha ukashukia Mtwara. Mchezaji anayeshuka kwenye basi baada ya safari ya namna hiyo miguu huwa mizito mpaka robo ya tatu.

Kiini cha jibu lako ni umiliki. Mwanzoni timu zote nane zilikuwa mali ya ligi yenyewe. Mchezaji alisaini mkataba na ligi, siyo na Groove, na mshahara wake ulikuwa karibu dola 27,500 kwa msimu. Mpango huu una uzuri wake: hakuna tajiri anayekusanya wachezaji wote wazuri upande mmoja, na hakuna timu inayokosa mishahara katikati ya msimu kwa sababu mwenyewe kafilisika. Ubaya wake ni kwamba timu inakuwa kama tawi la duka. Makao makuu yakipiga hesabu na kuona tawi halilipi, yanalifunga, hata kama ndilo lililoongoza kwa kazi nzuri. Hati ya Groove haikuwa mkononi mwa mtu yeyote wa Greenville, kwa hiyo ubingwa haukuwa na mtetezi.

Ukumbi nao uliwaponza. Groove ilichezea BI-LO Center, jengo lenye viti zaidi ya 13,000. Taa, walinzi, wafagiaji na wakata tiketi wa jengo la ukubwa huo wanalipwa vilevile hata wakiingia watu mia saba. Tena mtazamaji akizungukwa na viti vitupu anajiona kama kaja siku isiyo yake, na wiki inayofuata harudi. Sisi tunaamini timu ndogo inapaswa kuanzia kwenye ukumbi unaojaa, hata kama ni wa viti 800, kwa sababu kelele ndiyo inayomrudisha mtu.

Na Groove haikuwa peke yake. Mobile Revelers walitwaa ubingwa wa 2003, nao wakavunjwa mwaka huohuo. Asheville Altitude walishinda 2004 na 2005, na kiangazi cha 2005 wakahamishiwa Tulsa. Albuquerque Thunderbirds, mabingwa wa 2006, walihamishiwa Canton, Ohio, mwaka 2011. Dakota Wizards walishinda 2007. Timu ikahamia California mwaka 2012. Idaho Stampede, mabingwa wa 2008, walipelekwa Salt Lake City mwaka 2016. Colorado 14ers walibeba kombe mwaka 2009, kisha timu ikauzwa na kuhamia Texas kwa jina jingine. Kwa hiyo kila mji uliotwaa ubingwa wa ligi hiyo tangu 2002 hadi 2009 umepoteza timu yake. Wa kwanza kuivunja laana hiyo ni Rio Grande Valley Vipers, mabingwa wa 2010, ambao wangali kwenye bonde lao kule Texas. Tofauti kubwa tunayoiona sisi haiko kwenye idadi ya makombe. Vipers walifungamana mapema na timu moja ya NBA, Houston Rockets, iliyobeba mzigo wa upande wa mchezo, huku wenyeji wakibeba tiketi na ukumbi.

Jezi yako usiikate wala kuibandika namba nyingine. Ifue kwa mkono kwa maji baridi na sabuni ya unga kidogo, bila Jiki, uianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Maandishi ya kubandikwa kwa joto yakipigwa pasi hubanduka.

Timu za Hasheem Thabeet

*Naomba kujua Hasheem Thabeet alichezea timu zipi za ligi ndogo Marekani, na kama bado zipo.*
*Msomaji wa Usa River*

Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Februari 2010 Memphis wakampeleka Dakota Wizards, mjini Bismarck, ili apate dakika za kucheza. Wakati huo hakuna aliyechaguliwa nafasi ya juu kuliko yeye aliyewahi kushushwa ligi hiyo. Baadaye alizidiwa kwa hilo na Anthony Bennett, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2013. Watu wengi hapa nyumbani waliona ni aibu. Haikuwa aibu. Mchezaji mrefu aliyeanza mpira akiwa na miaka kumi na kitu anahitaji mechi nyingi, na benchi la NBA halimpi. Kama kuna kosa, ni kumweka benchi miezi minne kabla ya kumpeleka.

Wizards walikuwa timu yenye mizizi: walianza 1995, wakapitia ligi tatu tofauti, wakawa mabingwa 2007. Golden State Warriors waliinunua timu 2011 na kuihamishia Santa Cruz 2012. Mwaka 2011 Thabeet alipita Rio Grande Valley Vipers, ambayo ipo. Msimu wa 2014–15 alikuwa Grand Rapids Drive, na hii ina historia yake: ilikuwa Springfield Armor ya Massachusetts, iliyoishi misimu mitano tu, 2009 hadi 2014, kabla ya kuhamishwa. Tangu 2021 inaitwa Grand Rapids Gold. Mwanzoni mwa 2020 akachezea Fort Wayne Mad Ants, na hiyo nayo imeshaondoka Fort Wayne. Hesabu mwenyewe: timu nne, mbili miji yao haina tena, moja imebadilishwa jina, na moja tu imebaki ilivyokuwa.

Siku kumi ni siku kumi kweli?

*Mkataba wa siku kumi wa NBA unafanyaje kazi?*
*Msomaji wa Njiro, Arusha*

Ni siku kumi au mechi tatu, kinachokuwa kirefu zaidi. Hutolewa kuanzia Januari. Timu moja inaweza kumpa mchezaji mikataba miwili ya aina hiyo katika msimu. Baada ya hapo imsaini mpaka mwisho wa msimu au imwache. Timu ya ligi ndogo ndiyo inayoumia: kocha anampoteza mfungaji wake bora usiku wa kuamkia mechi, bila nafasi ya kumpinga. Ndiyo maana makocha wa ligi hizo huwafundisha wachezaji wote mfumo mmoja mfupi wa mashambulizi, ili atakayeingia leo acheze kesho.

Pointi saba kwa mechi moja

*Sisi ni waandaaji wa bonanza la kikapu Ngarenaro, timu sita. Tumesikia kulikuwa na ligi Marekani iliyotoa pointi saba kwa kila mechi. Tunataka kujaribu. Tufanyeje?*
*Katibu wa bonanza, Ngarenaro*

Ndugu katibu, hili tunalipenda sana, na tungefurahi kuliona likichezwa Arusha.

Ligi yenyewe ni Continental Basketball Association, CBA. Ilianza Aprili 1946 huko Pennsylvania, wiki chache kabla ya ligi iliyokuja kuwa NBA, na ikachukua jina la CBA mwaka 1978. Msimamo wake ulihesabiwa hivi: anayeshinda mechi anapata pointi 3, na kila robo ina pointi 1 kwa anayeishinda robo hiyo. Jumla 7. Robo ikiisha sare, kila upande unachukua nusu.

Chukua mfano. Ngarenaro inacheza na Kaloleni. Robo ya kwanza 22–15, ya pili 18–17, ya tatu 20–19, zote za Ngarenaro. Robo ya nne Kaloleni inaamka: 10–24. Jumla ni 70–75, Kaloleni imeshinda. Kaloleni inachukua 3 za ushindi na 1 ya robo ya nne, jumla 4. Ngarenaro imefungwa lakini inaondoka na 3. Ndipo ulipo utamu wake: timu iliyoachwa pointi 25 bado ina sababu ya kukimbia robo ya mwisho, na kocha anayeongoza hawezi kupumzisha kikosi chote.

Mambo yanayoharibika ni haya. La kwanza ni mezani. Mwandika matokeo amezoea kujumlisha mpaka mwisho, anasahau kufunga hesabu ya robo. Mpeni karatasi ndogo ya pembeni yenye mistari minne, na waamuzi wasianze robo inayofuata kabla ya manahodha wawili kuutia saini mstari wa robo iliyokwisha. Inachukua sekunde ishirini na inaokoa ugomvi wa saa nzima. La pili ni dakika za nyongeza: amueni kabla ya mechi ya kwanza, na tunashauri zisiwe na pointi ya robo, zihesabiwe kwenye ushindi tu. La tatu ni timu isiyotokea uwanjani. Mpinzani apewe 7–0. Mkimpa 3 tu mtamwonea, kwa sababu kanyimwa nafasi ya kushinda robo.

Mfumo huu pia unajikagua wenyewe. Timu sita zikikutana mara moja moja ni mechi 15, na 15 mara 7 ni 105. Jumla ya pointi za timu zote kwenye msimamo lazima iwe 105. Ikiwa 104 au 106, kuna karatasi imekosewa; rudini mechi kwa mechi, kila moja ilete saba. Fanyeni ukaguzi huo kila jioni, siyo siku ya kukabidhi kombe.

CBA ndiyo iliyomlea kocha Phil Jackson. Alitwaa nayo ubingwa wa 1984 akiwa na Albany Patroons. Patroons haohao, msimu wa 1990–91 chini ya George Karl, walishinda mechi 50 wakafungwa 6, na nyumbani hawakufungwa hata moja. Leo ligi yenyewe haipo. Tutarudi kwenye kifo chake hapa chini.

Ligi ya wasio warefu

*Mimi nina futi tano na inchi tisa. Wenzangu wananicheka nikisema kulikuwa na ligi iliyokataza warefu. Ni kweli au nimeota?*
*Msomaji wa Himo*

Ni kweli. World Basketball League ilicheza Marekani na Kanada kuanzia 1988 hadi 1992, msimu wake ukiwa wa kiangazi. Mwanzoni mchezaji hakuruhusiwa kuzidi futi sita na inchi tano, yaani sentimita 196. Baadaye kikomo kikapandishwa hadi sita na saba, sentimita 201. Kwa hiyo hata huko ungekuwa miongoni mwa wafupi, lakini angalau usingekutana na mtu wa sentimita 215 chini ya ringi. Mchezo ulikuwa wa kasi na mitupo ya mbali. Wapimaji walikuwa na kazi, kwa sababu mara hii wachezaji walijitahidi kuonekana wafupi: magoti yanalegezwa kidogo, shingo inazama. Ukimpima mtu, mwegemeze ukutani, visigino, makalio na kisogo viguse.

Ligi hii haikufa kwa sababu ya wazo lake. Fedha zake zilitoka kwa Mickey Monus, mmoja wa waanzilishi wa Phar-Mor, mtandao wa maduka ya dawa na bidhaa wa Youngstown, Ohio. Mwaka 1992 iligundulika kwamba vitabu vya kampuni vilikuwa vya uongo, na kwamba zaidi ya dola milioni 10 za kampuni zilichotwa zikaingizwa kwenye ligi. Fedha zilipokatika, ligi ilifungwa katikati ya msimu, Agosti 1, 1992. Monus alihukumiwa kifungo mwaka 1995. Youngstown Pride, Dayton Wings na wenzao wakazimika kwa siku moja, wakiwa na ratiba mkononi. Inauma, kwa sababu wachezaji wale hawakuiba kitu.

Milioni sita za mfadhili

*Wakubwa shikamooni. Tunaanzisha timu ya kikapu Sombetini, ya kulipa wachezaji kidogo. Mfadhili kaahidi shilingi 6,000,000 kwa msimu wa miezi mitano. Tuna wachezaji 12, tunataka kila mmoja apate 100,000 kwa mwezi. Mechi ni 14, saba nyumbani, saba ugenini, nyingi Moshi. Tunaomba ushauri kabla hatujatangaza.*
*Mwenyekiti wa muda, Sombetini, Arusha*

Marahaba mwenyekiti, na asante kwa kuuliza kabla ya kutangaza. Fanya hesabu pamoja nasi: 12 mara 100,000 ni 1,200,000 kwa mwezi. Mara miezi mitano ni 6,000,000. Mmeshamaliza fedha zote, na bado hamjanunua mpira, hamjalipa waamuzi, hamjakodi gari hata mara moja. Mwezi wa tatu mtaanza kuazima nauli kwenye mishahara. Mwezi wa nne wachezaji watano hawaji mazoezini. Timu ndogo nyingi zinakufa hivyo.

Msilipe kwa mwezi. Lipeni kwa mechi, na kwa sharti la mazoezi: aliyehudhuria mazoezi yote ya wiki anapata 15,000 ya mechi, acheze asicheze. Kumi na wawili mara 15,000 mara mechi 14 ni 2,520,000. Tengeni robo ya fedha zote, 1,500,000, isiguswe mpaka mechi ya kumi. Zinabaki 1,980,000, ambayo ukigawa kwa mechi 14 ni kama 141,000 kwa kila mechi. Hizo ndizo za gari, waamuzi, meza, maji na mipira. Nendeni sasa mkaulize bei ya Coaster ya kwenda na kurudi Moshi. Ikila zaidi ya nusu ya hizo, ombeni chama cha mkoa mechi mbili za ugenini zipangwe Jumamosi na Jumapili, mlale huko mara moja, mkodi gari mara moja.

Vitu vya lazima ni hivi. Mipira minne ya mazoezi, mmoja kwa wachezaji watatu, na wa tano wa mechi usiopigwa kwenye zege siku nyingine, kwa sababu zege hula ngozi ya mpira ndani ya wiki chache ukawa unateleza. Meza inahitaji watu wanne: mwandishi, msaidizi wake, mtunza saa, na wa saa ya sekunde 24. Wafundisheni wanne wenu wenyewe, msikodi kila wiki. Maji ni lita moja na nusu kwa mtu. Wachezaji 12 na walimu wawili ni lita 21. Dumu moja la lita 20 halitoshi siku ya jua.

Hali ya hewa inaua timu Arusha kuliko wapinzani. Uwanja wa zege usio na paa hauchezeki ukiwa na unyevu. Mchezaji akigeuka ghafla, goti linakwenda. Masika ni Machi hadi Mei. Msimu wenu wa miezi mitano uwe Juni hadi Oktoba. Julai jioni kuna baridi, basi wekeni mechi saa tisa, siyo saa kumi na moja, na muda wa kupasha misuli uwe dakika 25.

Sasa mfadhili. Ahadi siyo fedha. Nusu ya milioni sita iwe benki kabla ya kushona jezi yenye jina lake, nusu nyingine kabla ya mechi ya sita, na hayo yaandikwe kwenye karatasi yenye saini. Tunasema hivyo kwa sababu hata wakubwa huanguka hapa. Mwaka 1999 CBA, ligi yenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, iliuzwa nzima kwa Isiah Thomas, nyota wa zamani wa NBA, kwa dola milioni 10. Mwaka 2000 NBA walitaka kuinunua, hawakuelewana bei. Thomas akapata kazi ya kuifundisha Indiana Pacers, na kanuni za NBA hazikumruhusu kocha wake kumiliki ligi nyingine. Ligi ikabaki mikononi mwa wasimamizi waliokabidhiwa, wasio na fedha za kuiendesha, na Februari 8, 2001 ikafungwa katikati ya msimu. Timu tano zikakimbilia ligi jirani kumaliza ratiba, na ligi hiyo nayo ikafa mwaka huohuo. CBA ilifufuliwa baadaye mwaka 2001, ikajikongoja hadi 2009. Miongoni mwa timu zilizovuka dhoruba hiyo ni Sioux Falls Skyforce, iliyoanza 1989 na inacheza hadi leo. Kabla ya mauzo ya 1999 kila timu ilikuwa na mwenyewe. Baada ya hapo zote zilikuwa kwenye mfuko mmoja, na mfuko ulipotoboka zilimwagika pamoja.

Kwa hiyo katiba yenu iseme wazi kwamba jina, nembo, jezi na kumbukumbu za timu ni mali ya wanachama, hata mfadhili akiondoka. Akaunti iwe na saini tatu, mbili zikitosha kutoa fedha, na mmoja wa watatu awe mchezaji. Usajili unaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri: mpelekee katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha na orodha ya wanachama, naye atawaelekeza kwa Msajili wa vilabu chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Msiache jina la mfadhili liwe jina la klabu. Akiondoka, mtasajili upya na historia yenu itaanza sifuri.

Sanduku la baba mdogo

*Baba yetu mdogo, marehemu, alikuwa katibu wa klabu ya kikapu ya mtaani kwetu iliyokwisha zamani. Ameacha sanduku lenye karatasi za matokeo 41, picha, na daftari. Karatasi nyingi ni za njano, chache za waridi. Hazina mwaka. Tunawezaje kuandika historia ya klabu?*
*Ndugu wawili, Majengo, Moshi*

Poleni kwa msiba, na hongereni kwa kutotupa sanduku. Mengi ya namna hiyo yamewashia majiko.

Kwanza rangi. Karatasi rasmi ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hujazwa kwa nakala: nyeupe ni ya FIBA, ya bluu hubaki kwa waandaaji, ya waridi hupewa mshindi, ya njano hupewa aliyefungwa. Kama klabu ilitumia karatasi za mpangilio huo, za njano mlizonazo ni mechi mlizofungwa na za waridi ni mlizoshinda. Hakikisheni kwa kutazama matokeo ya chini ya karatasi tano hivi. Rangi zikikubaliana na matokeo, utaratibu ulifuatwa.

Pili mwaka. Kanuni zenyewe zitawaambia. Karatasi ikiwa na vipindi viwili badala ya robo nne, ni ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 2000. Kwenye safu ya pointi zinazoongezeka, kila kikapu huwekewa mstari wa mshazari, kila mtupo huru nukta nene, na mfungaji wa pointi tatu namba yake huzungushiwa duara. FIBA iliuingiza mtupo wa pointi tatu mwaka 1984. Karatasi nyingi mfululizo zisizo na duara hata moja huenda ni za kabla ya hapo, au uwanja haukuwa na mstari. Wachezaji wakiwa wote na namba 4 hadi 15, ni utaratibu wa kabla ya 2014. Kwenye picha, tazameni sakafu: eneo la chini ya ringi likiwa limepanuka kuelekea mstari wa mwisho kama sketi, mchoro ni wa kabla ya 2010; likiwa mstatili, ni wa baadaye. Lakini viwanja vya mtaani huchelewa kupakwa rangi, kwa hiyo mchoro wa zamani peke yake hauthibitishi, wakati mchoro mpya unathibitisha.

Tatu, kazi ya mikono. Msitoe pini kwa nguvu. Zikiwa na kutu, nyoosheni miguu yake kwa kisu butu kwa nyuma kisha zitoeni. Karatasi zilizogandana zisilowekwe, ziacheni sebuleni penye hewa siku mbili tatu. Pigeni picha kila karatasi mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu sambamba, bila mwanga wa simu, pande zote mbili. Namba ya mpangilio iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, wino unapenya. Hifadhini kwenye bahasha za kaki ndani ya boksi kavu, siyo mifuko ya nailoni, kwa sababu mvua za Moshi zikianza nailoni hutunza unyevu na karatasi huota ukungu.

Kisha daftari kubwa lenye safu sita: namba ya karatasi, mpinzani, uwanja, matokeo ya kila robo au kipindi, wafungaji wetu, na jinsi tulivyojua mwaka. Safu hiyo ya mwisho msiiache. Mtu mzima akisema "hiyo ilikuwa mwaka ule Ushirika palijaa", andikeni maneno yake na jina lake, lakini kwa rangi nyingine, yasichanganyike na yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Mkimaliza mtakuwa na nusu tu ya ushahidi. Nakala ya waridi ya kila mechi mliyofungwa, kama ingalipo, iko kwa makatibu wa timu zilizowafunga, na majina ya timu hizo yameandikwa juu ya kila karatasi ya njano. Waendeeni wangali hai.